Vitanda vya Ndakala na Wale Waliokuja Kuvipima

Mulinipa kikwembe cha kuvaa, mukanipa sahani ya maua, mukasema maneno mazuri juu yangu sawa vile nilikuwa nimeshakufa. Kisha mukubwa wa biro, hii ofisi yenu, akanivuta pembeni na ile sauti yake ya muntu anayeogopa kuamsha mutoto: "Mama Mauwa, kabla hujaacha kazi, utuachie kitu. Vijana wanataka kujua namna gani proje inapangwa, na namna gani tutajua kama imesaidia watu." Nikamuambia mimi sikukalia benchi ya masomo hata siku moja, kalamu nazijua ju ya kuziokota chini ya meza zenu. Akasema haina neno, niseme tu, Béatrice wa mashini ataandika. Basi Béatrice, andika. Andika vile nasema, usinivalishe Kifaransa.

Mambo ya vyeo na mushahara mutaulizana wenyewe, munayapenda kuliko mimi. Mimi nitasema juu ya vitanda.

Nilipofika kwa proje, huu mradi wenu, nilikuwa mama wa ufagio na chai. Wakati ule, hapa Kalemie, biro ilikuwa ile nyumba ya kilimani, barza yake inaangalia ziwa. Proje ilikuwa sadaka ya watu wa mbali, wanachanga kwao kanisani ju sisi tupate kula vizuri. Mukubwa alikuwa muzungu mumoja mrefu, watu wa mwalo walimupa jina Bwana Metre, ju mufukoni hakukosa ile kamba ya chuma inayojikunja, na kitu chochote kisichokimbia alikipima. Siku yangu ya kwanza alipima kutoka mulangoni mupaka kwa mutungi wa maji. Mupaka leo sijui sababu gani. Mutungi haukusogea.

Chini yake alikuwa Citoyen Kitenge, ju wakati ule kila bwana aliitwa Citoyen. Huyu alivaa abakosti imefungwa vifungo mupaka shingoni, hata katika jua la kukausha samaki. Alikuwa anatafsiri maneno ya muzungu kwa watu na maneno ya watu kwa muzungu, na yote mbili yalipita puani kwanza. "Wamama wapendwa, kwa jina la komite, na kwa jina la maendeleo, na kwa jina langu mimi mwenyewe." Akifika kwa jina lake, jua limeshapanda.

Siku moja nafagia, nilikuwa namufanyia mulinzi sauti ya Kitenge ju acheke. Bwana Metre akaita kutoka ndani: "Citoyen, lete karatasi." Nikaanza kufagia sana. Akatoka, akakuta ni mimi na ufagio. Nikasema moyoni, Mauwa, leo unarudi kwenu kulima muhogo. Yeye akacheka mupaka akashika ukuta. "Mama, weye unasema sawa watu wote. Utaenda kwa mwalo, utasema na wamama." Njo diploma yangu ile. Ninyi mulisoma miaka mingi Lubumbashi, mimi nilisomea puani mwa Kitenge.

Basi nikaenda kwa mwalo, pale mitumbwi inapopakua samaki, nimevaa viatu na nimebeba kile chombo cha kupazia sauti. Sikupiga hata hatua ya maana, mama mumoja akaniambia bila kuinua kichwa: "Weye wa viatu, unakanyaga bugali ya watoto wangu." Naangalia chini, niko juu ya ndakala zake, wale samaki wadogo wa ziwa, dagaa. Wakati ule wamama walikuwa wanaanika ndakala chini, juu ya mchanga, na ndakala ikikauka inafanana na mchanga, ukiwa mujinga kama mimi.

Yule mama alikuwa Mama Zaina, mujane, Muholoholo wa hapa hapa. Mugongo wake ulikuwa umeshaanza kupinda ju ya kuinama. Nilivua viatu, nikainama naye, njo hapo nilianza kazi kweli. Alinifundisha kumwaga ndakala nyembamba, isilale moja juu ya mwenzake. Kuigeuza kabla jua halijafika kichwani. Kusikiliza upepo ukitoka upande wa Lukuga, ju mvua inatuma harufu yake mbele. Kuvunja moja kwa vidole: ikilia, imekauka, ikijikunja, bado, na ukiifunga vile katika gunia itaoza na itaharibu jina lako mupaka Kongolo.

"Na mchanga?" nikamuuliza.

"Mchanga ni wa Mungu," akasema. "Lakini Mama Ngoy hakubali."

Mama Ngoy alikuwa mchuuzi wa Kabalo. Alikuja na treni, mama munene, mikono imejaa bangili, na hakuna muntu kwa mwalo aliyekuwa na amri kumupita. Alikuwa hapimi kwa mizani wala kwa macho. Anachukua ndakala moja, anaitia mudomoni, anafunga macho, anatafuna polepole. Wamama wote wanatega masikio. Ikisikika krrr kwa meno, anatema. "Yoo, Mama Zaina. Miye natoka Kabalo kutafuta samaki. Muchanga tuko nao kwetu, Lualaba inatupatia bure." Anaenda kwa mwingine. Ile krrr moja ilikuwa inaamua kama nyumbani kwa Mama Zaina watakula bugali na samaki ama bugali na kuangaliana.

Sasa kule kilimani wakubwa wakapanga. Walibandika karatasi kubwa kwa ukuta, Bwana Metre akachora mishale. "Hapa iko shida. Mushale. Hapa iko kazi. Mushale. Hapa iko matokeo. Mushale. Hapa watu wanafurahi." Kitenge akaongeza kwa pua: "Na makofi."

Mimi nilikuwa bado natia chai, ju kupanda cheo kwa biro yetu ni kuongezewa kazi, ya zamani unabaki nayo. Nikasema: "Ile furaha mutaipima na ile kamba?" Bwana Metre akanishukuru, akaandika neno langu kwa karatasi. Muntu huyu hata ukimuchokoza anaandika.

Walichopanga ni meza za kuanikia: mbao kandokando, wavu wa chuma katikati, miguu minne. Sisi tuliziita vitanda. Bwana Metre alichukua urefu wa miguu kwa kujipima mwenyewe kwa tumbo, na yeye tumbo lake liko fasi ile, pale kichwa cha Mama Zaina kiko. Siku ya kwanza wamama walisimama kandokando ya vitanda sawa watoto walio kwa meza ya wakubwa. Mumoja akaleta jiwe, akapanda, na mutoto mugongoni, akageuza samaki za pembeni. Za katikati aliziaga. Kesho yake kaka ya Mama Zaina alikuja na musumeno, akakata miguu yote. Bwana Metre alipokuta vile alitoa kamba, akapima miguu mipya, akasema, "Hii iko bora." Asante, baba.

Lakini niseme kweli, hata kama inaniuma kusifu biro: vitanda vilikuwa kitu kizuri. Upepo ulipita juu na chini. Kuku walikosa njia. Mama Zaina alisimama wima akigeuza samaki, nikaona kumbe ni muntu mrefu kidogo. Wanaume walikasirika tu, mumoja akamuambia muke wake: "Ndakala inalala kwa kitanda, mimi nalala kwa mukeka. Kesho utaifunika blanketi." Mama Zaina akamujibia yule muke: "Weye ukianza kununuliwa Kabalo, nitakupa kitanda."

Mama Ngoy akashuka na treni. Akachukua moja, akafunga macho, akatafuna. Tukangoja krrr. Haikuja. Akatafuna ya pili, ju hakuamini meno yake. Kisha akasema, "Hm." Mama Ngoy akisema "hm," wengine wanapiga ngoma. Akabeba gunia zote za Mama Zaina, akamuambia: "Sasa nitakuwa nakuja kwako kwanza. Lakini kile kitanda kikipotea, na mimi nimepotea." Mama Zaina akaapa hakitapotea. Unaona, yeye hakujua bado watu wanaotoa vitu.

Ikafika habari: Madame anakuja kutoka kule kwa wenye kuchanga, anakuja kupima kama vitanda vimesaidia. Akikuta vinatumika, vitabaki na vitaongezwa. Akikuta havitumiki, vitapelekwa Moba, kule mbele kwa ziwa hili hili. Bwana Metre alituambia hivyo hivyo, wazi, hata mimi nilielewa. Kisha akaachia Kitenge kazi ya kutayarisha mwalo.

Na sisi, kuanzia zamani, tunajua namna gani ya kutayarisha fasi mukubwa anakuja. Gavana anakuja? Salongo, ile kazi ya lazima ya wote. Komisera anakuja? Salongo. Unafagia, unapaka mawe chokaa, unaficha kila kitu kinachonuka na kila muntu aliyevaa vibaya, unavaa kikwembe cha picha, unaimba. Mukubwa anapita, anaona fasi isiyokuwa na kazi hata moja inayofanyika, anafurahi, anaenda. Sasa Kitenge akapanda juu ya mutumbwi: "Wamama wapendwa, mugeni wa ngazi ya juu. Nataka usafi. Nataka usafi kupita ule wa gavana."

Akaupata. Wamama walitoa ndakala zote kwa vitanda, wakazipeleka nyuma ya nyumba, wakazimwaga kwa mikeka na vikwembe vya kale. Walisugua wavu kwa majivu na mchanga mupaka ukang'aa sawa sufuria ya harusi. Walipaka miguu chokaa. Mama Zaina, yeye aliyekuwa anaogopa kupoteza kitanda kuliko wote, alisugua kuliko wote. Akaenda mupaka kwa misioni kuomba maua, akayapanga juu ya wavu. Kitanda chake kilikuwa tayari kwa maiti ya askofu.

Madame akaja. Alikuwa muntu mwembamba, sauti yake nyembamba vilevile, sawa anaivuta kwa mrija. Tuliimba, tukacheza, Kitenge alisema mupaka jina lake mwenyewe. Kisha Madame akaenda kwa vitanda. Akapitisha kidole kwa wavu, akaangalia kidole. Akanusa. Akainama kutafuta magamba chini, akaona chokaa. Akamuuliza Kitenge: "Samaki wako wapi?"

Kitenge akajinyoosha: "Madame, leo hakuna hata mumoja."

Alikuwa anajisifu, muzee wa watu. Alifikiri Madame anamushukuru ju ya usafi.

Nikamuvuta mukono wa abakosti. "Citoyen, mupeleke nyuma ya nyumba aone."

"Mama Mauwa, tafadhali. Kule kunanuka."

"Njo aende anuse."

"Unataka wageni waseme sisi ni wachafu?" Na pua yake ikafunga mulango.

Madame akamusogelea Mama Zaina, akauliza kwa kinywa cha Kitenge: "Mama, hiki kitanda kimebadili maisha yako?"

Sasa muniambie ninyi muliosoma. Muntu amekupa kitu, anarudi kukuuliza kama kimekutosha. Nani mwenye akili anajibu ndiyo? Ukisema umeshiba, anafunga sufuria. Na tena, nani anasimama mbele ya watu kusema mambo yangu yanaenda vizuri, wenye kijicho wanasikia? Mama Zaina alitega kichwa kando, akatoa ile sauti tunayowawekea wageni na wakwe: "Ee mama, tunateseka tu. Tuko vile vile. Mutuonee huruma." Na wamama wote nyuma: "Tunateseka, mama." Walisema pamoja, vizuri, sawa kwaya.

Madame akaandika. Nilimuona akiandika. Sijui kusoma, lakini uso wake ulisomeka.

Basi Kitenge akashuka tena kwa mwalo siku nyingine, mara hii bila kupanda mutumbwi, akasema vitanda vinaenda Moba kwa watu wanaovihitaji, mashua iko bandarini. Nilipanda kilima mbio, sikubisha hodi. "Bwana Metre, weye unapita pale kila siku. Unaona samaki kila siku. Unakula samaki zenyewe kila siku."

Akashika kichwa. "Naona, Mama Mauwa. Lakini kuona si kupima. Madame amepima."

Nimelibeba lile neno miaka yote. Kuona si kupima. Nikimuona mume wangu amelewa, ningoje Madame aje?

Tulishuka wote wawili. Watumishi walikuwa wameshabeba vitanda vingine mupaka kwa mashua. Kimoja kilibaki, na juu yake Mama Zaina amelala, chali, ndakala mbichi zimemwagwa kandokando yake na juu ya tumbo lake, miguu yake inaning'inia. Nzi walikuwa wanafurahi.

Kitenge alikuwa anamubembeleza: "Mama Zaina, shuka. Hii ni mali ya proje."

"Niko nakausha."

"Unakausha nini, mama?"

"Mimi na ndakala. Mulisema hakitumiki. Leo kinatumika."

"Mama, unatuhaibisha mbele ya muzungu."

"Muzungu apime. Kamba yake si anayo? Apime kutoka hapa kwa kichwa mupaka kwa vidole, aandike: kitanda kimejaa."

Watu walikuwa wanacheka, lakini Mama Zaina alikuwa hacheki. Alikuwa ameshika mbao kwa mikono miwili, na nilikuwa najua anafikiria Mama Ngoy, na treni, na ule mugongo utakaorudi tena chini kwa mchanga. Bwana Metre akatia mukono mufukoni. Akatoa kamba. Akamuangalia mama wa watu na nzi wake. Kisha akairudisha kamba mufukoni bila kuifungua, njo siku ya kwanza na ya mwisho niliona vile.

"Ile hapana," akawaambia watumishi. "Ile iko na muntu."

Kitenge akashituka: "Tutamuambia Madame nini?"

"Tutamuambia kimevunjika."

Vingine vyote vilienda Moba. Kule Madame alipoenda kupima alivikuta vimejaa ndakala mupaka pembeni, akafurahi sana, ju mashua yake ilifika mbele ya habari yake na wamama hawakupata nafasi ya kusugua. Njo ukaona tofauti kati ya watu wa Moba na watu wa Kalemie mbele ya wakubwa: sisi tulijulishwa mapema.

Na huku kwetu? Mama Ngoy akaja, akatafuna kwa Mama Zaina, akasema hm. Akatafuna kwa jirani, krrr, akatema. Akatafuna kwa jirani wa jirani, krrr. Hakuhubiri. Wale wamama hawakuniita kwa mafunzo, hawakungoja mishale. Walienda kukata matete, wakafunga kwa kamba, wakatandika nyavu kukuu za waume wao, waume wakapiga kelele. Kila mumoja aliangalia kitanda cha Mama Zaina kwa macho, bila kamba yoyote, akatengeneza chake kwa urefu wa tumbo lake mwenyewe. Kabla mvua hazijarudi, mwalo wote ulikuwa vitanda. Bwana Metre alikuwa ameshaenda kwao. Yule aliyemurithi alishuka siku moja, akashangaa. "Nani amejenga hivi vyote?"

"Ni sisi," wamama wakasema.

"Aa," akasema. "Basi si proje." Akapita.

Njo maana kule kwa wenye kuchanga mupaka leo Kalemie imeshindwa na Moba imefaulu. Mimi sikatai. Kila muntu na ugonjwa wake.

Sasa ninyi munaniuliza namna gani ya kupanga na namna gani ya kupima. Miguu ya kitanda, ipimeni kwa tumbo la mwenye kukitumia. Mukienda kuangalia, musitume Kitenge mbele, na kila biro iko na Kitenge wake, wengine wako hapa wananisikiliza na wanajifanya wanaandika. Fasi ikinuka usafi, uliza harufu imehamia nyumba gani. Musimuulize muntu mulichomupa kama kimemusaidia. Panda treni, uende Kabalo, umutafute yule anayetafuna. Lakini najua hamutaenda. Kabalo iko vumbi na hamuna gari ya baridi.

Na juzi, nikiwa bado na funguo za biro, mulinionyesha karatasi mupya kwa ukuta, mishale mingi. Nikamuomba Béatrice anisomee. Ati mutafundisha wamama wa mwalo kuanika ndakala juu ya meza. Nilitoka kwenda kucheka nje, ju ya heshima.

Nilishuka kumuaga Mama Zaina. Yuko bado, muzee sana, mujukuu wake njo anageuza samaki. Kile kitanda cha kwanza wavu umekula kutu, mbao zimeingia jikoni, imebaki muguu mumoja unaozuia mulango wa kuku, na chokaa ya Kitenge bado inaonekana kidogo. Kwa hiyo naweza kusema, hakuna tena cha kuchukua. Tulikaa, nikamuuliza lile swali la Madame, na sauti ya Madame, ile ya mrija: "Mama, hiki kitanda kimebadili maisha yako?"

Alicheka mupaka akakohoa. Kisha akaangalia kwa mulango, akaangalia kwa dirisha, akamutuma mujukuu kuchota maji.

"Kilinisaidia sana," akasema polepole. "Usiwaambie wa biro kwenu. Watakuja kupima."